Mama wa Kuazima

Soko la Kenyatta lina watu wa kukuchomea nyama, lina watu wa kukusuka nywele, na kwa miaka minne lilikuwa na mtu wa kukuzaa. Mtu huyo alikuwa Janice, msusi wa kibanda cha tatu ukiingia kwa upande wa Mbagathi, na kazi hii ya pili hakuiandika kwenye bango lolote. Wanafunzi waliambiana wenyewe. Mwanafunzi akiagizwa alete mzazi, akapima na kuona kwamba mzazi wake halisi atamchuna ngozi kabla hawajafika hata getini, alikuja sokoni kuazima mama.

Msinishangae nikisema hivi kwa urahisi. Kila aliyesoma Nairobi anajua kwamba maneno "lete mzazi" hayajawahi kuleta habari njema. Hakuna mzazi aliyeitwa shuleni kuambiwa mwanawe ana sauti nzuri. Anaitwa kwa sababu ya simu iliyofichwa kwenye soksi, au ua wa shule uliorukwa, au kioo cha dirisha.

Janice alikuwa hodari wa kazi hiyo. Alivaa sketi ndefu ya kanisani, akafunga kitambaa kichwani, akabana mkoba kwapani, na mbele ya naibu wa mwalimu mkuu alikubali makosa yote kabla hajasomewa. Kisha alimfinya mtoto sikio, si ili kumuumiza, ni ili aonekane. Alikuwa amewazaa saba kwa njia hiyo, na hakuna hata mmoja aliyefukuzwa.

Walimlipa kwa soda au salio la simu, lakini angeifanya bure. Hilo hakumwambia mtu, na mimi nalisema kwa sababu bila hilo mtamwona tapeli tu. Walimu walimwita mama. Karibu mama, keti mama. Neno hilo, mama, alitoka nalo getini akakaa nalo siku mbili tatu. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, hakujaliwa mtoto, na bwana aliyekuwa naye aliondoka kidogo kidogo, leo shati, kesho viatu, hata hajui aanze kuhesabu kuachwa kwake kutoka siku gani. Chumba chake kilikuwa Kangemi, ghorofa ya pili, na majirani walimjua kwa kufuli. Likining'inia nje hayupo, lisipoonekana yupo, na hakuna aliyebisha hodi kuhakikisha.

Jumatano moja ya Julai, baridi imekaza, alikuja kibandani msichana mrefu wa kidato cha tatu, amevaa shati la shule bila sweta.

"Sasa, anti. Wewe ndio Janice?"

"Poa. Unataka kusukwa?"

"Nataka mathe. Kesho saa nane. Ticha amesema nikuje na mzazi."

"Umefanya nini?"

"Sijui."

Wote husema hawajui, kwa hiyo Janice hakujali. Aliuliza jina, akaambiwa Nyawira. Aliuliza shule, akaelekezwa ile iliyo nyuma ya mtaa wa Jamhuri. Aliuliza kama mama mwenyewe yupo, ili wasije wakagongana mlangoni. Yupo, Nyawira alisema, lakini anafanya kazi mjini na hataki kusumbuliwa. Kisha akavua saa mkononi, saa pana ya chuma, ya kiume, akaiweka kati ya vitana.

"Hii ni kubwa kwa kazi ya nusu saa," Janice alisema. "Na wewe utatumia nini?"

"Sitaihitaji."

Janice alidhani ni mtoto wa wenye nazo, mwenye simu ya kumwonyesha saa, akaitia mkobani. Nasi tusimlaumu sana. Mtu anayeshinda akitazama visogo vya watu hapati mazoezi ya kusoma nyuso.

Kesho yake mambo yaliharibika tangu mwanzo, kwa sababu yalikuwa mazuri mno. Mwalimu wa darasa, mwanamke mfupi aliyejitambulisha kwa jina la Kasyoka, hakumpeleka kwa naibu. Alimrudisha Nyawira darasani kwa upole, akamwongoza Janice mpaka maktaba isiyokuwa na mtu, akafunga mlango, akapanga viti viwili upande mmoja wa meza na kummiminia maji. Janice aliona hii lazima iwe kesi kubwa kuliko zote, akaona heri awahi.

"Mwalimu, nimesikia. Huyu niachieni mimi. Nitamnyoosha."

"Mama Nyawira, hajafanya kosa lolote."

Hilo Janice hakuwahi kuambiwa na mwalimu yeyote.

"Tena niombe radhi," mwalimu akaendelea. "Nilimtuma akulete kama ninavyowatuma wale wa makosa, na nilipotamka tu nikaona ameogopa. Ningekupigia mwenyewe, lakini namba tuliyo nayo ni ya baba yake na haishiki. Nimejaribu mara nne."

"Haishiki," Janice akaitikia, kwa vile kuitikia kulikuwa sehemu ya kazi.

Mwalimu Kasyoka alifungua daftari dogo. Alifunua ukurasa, akaurudisha, na Janice akatambua kwamba hata huyu anaogopa, kwamba maneno haya ameyapanga nyumbani akayapangua na kuyapanga tena.

"Mimi si daktari, mama, na sitakwambia ana ugonjwa gani. Nitakwambia nilichokiona, halafu na wewe uniambie unachokiona nyumbani. Tangu muhula uanze hali chakula cha mchana. Sahani yake humpa Stacy, jirani yake darasani. Wiki jana alimpa Stacy sweta pia, akampa na kikokotoo chake, na nilipomuuliza akasema hatavihitaji tena. Alikuwa mchezaji wa netiboli. Siku hizi wakati wa michezo hukaa nyuma ya jiko la shule, peke yake. Jumatatu niliwapa insha. Aliandika mstari mmoja, kwamba amechoka, na angependa alale asiamshwe."

Mkoba ulikuwa magotini mwa Janice. Alijua kilichomo ndani.

"Wewe unaona nini, mama? Anapokuwa nyumbani?"

Hapo ndipo angesema ukweli. Mwalimu alikuwa amemgeukia, kalamu ameiweka chini, na hapakuwa na meza ya kumkinga. Mtu aliyezoea kukubali makosa angekubali na hili likaisha. Lakini Janice aliona aibu, na zaidi ya aibu, mwenzangu, aliona kwamba ni mara ya kwanza kwa muda mrefu mtu kumuuliza jambo na kungoja jibu. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Halali vizuri," alisema. "Anashtuka saa tisa, anakaa kitandani akitazama mlango. Anapika, halafu anafunika sufuria bila kula. Akifika nyumbani anafungulia redio kabla hata hajavua viatu, pawe na mtu anayeongea. Jumapili zingine hasemi neno kutoka asubuhi mpaka jioni. Si kwamba amekasirika. Hana wa kumwambia."

Mwalimu Kasyoka aliandika yote. Alipoinua kichwa macho yake yalikuwa na maji.

"Asante kwa kuniambia. Najua si rahisi kumsema mtoto wako hivyo."

Janice akaanza kulia, na mwalimu alimshika mkono akamngojea. Baadaye alimwandikia kwenye karatasi jina la mshauri wa vijana katika zahanati moja ya kanisa huko Kawangware, siku anazopatikana, na chini yake namba yake mwenyewe.

"Leo usimwache peke yake," alisema. "Dawa za nyumbani zifungie. Na umuulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Watu huogopa kuuliza wakidhani watamtia wazo hilo. Hutamtia. Utakuwa tu umemfungulia nafasi ya kusema. Nami kesho asubuhi nitawangoja wote wawili."

Janice alitoka getini na karatasi hiyo mkononi, akasimama kando ya barabara. Sokoni mteja alikuwa akimngoja, kichwa nusu kimesukwa na nusu hakijasukwa. Angeweza kwenda. Hakuna aliyejua jina lake wala kibanda chake isipokuwa mtoto, na mtoto asingemtaja. Lakini yale maneno aliyopangiwa mama yalikuwa yameingia masikio yasiyo yake, na yeye akiondoka nayo, yatakuwa yamepotelea Ngong Road, na mwalimu atalala usiku huu akijua mzazi ameshaambiwa. Hilo ndilo lililomtisha. Kabla hajaja, walau mwalimu alikuwa na wasiwasi. Sasa ameuondoa hata huo.

Angerudi ndani akakiri? Alimfikiria naibu, alifikiria polisi, alimfikiria Nyawira akisimamishwa masomo akashinde peke yake nyumbani. Akabaki pale pale mpaka saa kumi kengele ikalia.

Nyawira alitoka wa mwisho. "Amesema nini? Nimesimamishwa?"

"Hujafanya kosa lolote."

Msichana alimtazama kama anayengoja sehemu ya pili. Haikuja. Walitembea kufuata ukuta wa uwanja wa maonyesho ya kilimo, na Janice alipoona hakuna mtu mbele wala nyuma, aliuliza alivyoelekezwa.

"Nyawira, unafikiria kujiua?"

Nyawira alivuta mikono ya shati ikamfunika viganja.

"Si kila siku," Nyawira alisema.

Janice hakufundishwa lile linalofuata. Alimshika tu mkono, baridi kama bomba, na wakaendelea kutembea. Kisha akauliza kwa nini hakumleta mama yake, na hapo maneno yalitoka kwa haraka, yaliyokuwa yamekaa tayari siku nyingi. Baba alifariki Desemba. Walimzika Murang'a, shule zikiwa zimefungwa, na muhula ulipoanza hakumwambia mtu yeyote. Mama alichukua likizo ya wiki moja akarudi ofisini. Usiku anazunguka sebuleni, hadhani kama anasikika.

"Yeye mwenyewe amechoka, anti. Akiitwa shule ataanza kulia tena. Mimi sitaki kuwa ndio nimemliza."

"Twende kwake."

"Kwani lazima?" Nyawira alisimama. "Si uendelee tu. Hata mpaka tufunge shule. Ticha ashakujua. Ukiulizwa unaweza kuja, na mimi nitakuwa nakuja huko sokoni jioni. Sitakusumbua."

Nawaambia kweli, Janice alitaka. Aliuona msichana huyu chumbani kwake Kangemi, viatu viwili vya shule mlangoni, sahani mbili mezani. Aliona angeweza kumsuka Jumamosi wakiongea upuuzi. Ingekuwa rahisi, na angeweza kujidanganya kwamba ni msaada. Yule mtoto hakuwa akiomba kingine ila mtu wa kuwa naye, na hicho ndicho pekee Janice alichokuwa nacho kwa wingi.

"Siwezi," alisema, na ilimuuma kweli. "Mimi sijui hata unapenda kula nini. Twende."

Nyumba ilikuwa katika mtaa wa Jamhuri, ya chini, yenye geti la kijani. Waliketi kwenye ngazi za mlangoni wakangoja. Saa kumi na mbili na nusu mama yake alifika kutoka mjini, alikokuwa karani wa mawakili, mwanamke nadhifu aitwaye Virginia, raba miguuni na viatu vya ofisini kwenye mfuko mkononi. Alimtazama binti, akamtazama mgeni.

"Kuna nini?"

"Mama Nyawira, mtoto hajafanya kosa lolote," Janice alianza.

"Nimekuuliza kuna nini. Wewe ni nani?"

Walikuwa wameshaingia sebuleni wakati Janice alipomaliza kueleza. Hakujipamba. Alisema aliazimwa awe mama, akaenda, akakaa kwenye kiti kisicho chake na kuambiwa mambo yasiyo yake. Kisha akayasema yale ya mwalimu kwa mpangilio wa mwalimu, chakula, sweta, kikokotoo, jiko, insha. Virginia hakuketi.

"Hawa wa kidato cha tatu wote wako hivyo. Ni umri. Na wewe, mama mzima, unajifanya mzazi wa mtoto wa watu halafu unakuja kwangu kuniambia ana wazimu?"

"Mwalimu hakusema wazimu. Alisema tu alichokiona."

"Nitakupeleka polisi."

"Nipeleke. Lakini kwanza chukua hii. Ndiyo aliyonilipa."

Alifungua mkoba akaweka saa mezani. Virginia aliitambua kabla haijatua. Alikuwa amemvua mumewe saa hiyo kwa mkono wake mwenyewe, hospitalini, akampa binti, na kwa miezi saba binti huyo alikuwa hata akioga haivui.

"Hii, Shiko?" Alimwita kwa jina la utotoni, na sauti yake ilishuka. "Hii umempa mtu?"

Nyawira alitazama sakafu. "Nilidhani ni bora ibaki na mtu ambaye ataitumia."

Virginia aliketi. Aliipakata ile saa, na Janice hakujua kama atoke au abaki. Hatimaye mama huyo aliomba karatasi ya mwalimu, akapiga ile namba, akaweka simu mezani ili wote wasikie.

"Mwalimu Kasyoka, naitwa Virginia. Mimi ndiye mama yake Nyawira. Yule aliyekuja leo si mimi. Yuko hapa, nitakueleza baadaye. Namba unayoipiga haitashika, mwalimu. Mwenye namba alifariki Desemba."

Mwalimu akasema pole, na akasema samahani, na wala hakuuliza lile la uongo ambalo mtu mwingine angeliuliza kwanza.

"Nataka kukwambia ninachoona nyumbani," Virginia alisema. "Naona analala. Akirudi shule analala mpaka asubuhi, Jumamosi analala kutwa. Mimi sipati usingizi tangu mazishi. Kwa hiyo nilikuwa nasimama mlangoni pake, namtazama, namshukuru Mungu kwamba angalau yeye anapumzika. Nilikuwa nashukuru, mwalimu."

Alipotamka hivyo mara ya pili alivunjika. Alilia, kama vile binti alivyohofia angelia, na binti alinyanyuka akasimama katikati ya chumba hajui la kufanya, mpaka mama akamvuta. Waliketi sakafuni kati ya kochi na meza, wameshikana, na Nyawira akaanza kulia pia, kwa sauti. Janice aliona kwamba yale maneno aliyoyabeba kutoka shuleni sasa yamewafikia wenyewe. Alifurahi. Na papo hapo alihisi kutengwa kunakomshika mtu katika nyumba isiyo yake, wala hakujua auweke wapi uso wake.

Simu ilikuwa bado wazi mezani. Aliikaribia amuage mwalimu na kuikata.

"Mwalimu, wako sawa. Wanalia. Kesho watakuja."

"Ni wewe, mama wa leo?"

"Ni mimi. Nisamehe, mwalimu."

"Hebu ngoja." Karatasi zilisikika zikifunuliwa. "Mama yake anasema analala kutwa kucha. Wewe uliniambia anashtuka saa tisa. Uliniambia habari za redio, na sufuria, na Jumapili. Niliyaandika yote. Yale yalikuwa ya nani?"

Janice alitazama sakafuni, akaona wale wawili hawasikii, wameshughulika wao kwa wao. Angeweza kusema aliyabuni. Alikuwa amedanganya mchana kutwa, na uongo mmoja zaidi usingemdhuru mtu.

"Yalikuwa yangu," alisema.

"Unarudi kwa nani leo?"

"Narudi tu."

Mwalimu hakusema pole. Aliuliza namba yake ya simu, akasema amepata kalamu. Janice alianza kuitaja polepole, tarakimu moja moja. Kwenye ya sita kilio kilimkatisha, na ilimbidi aanze upya.